Je, Wajua? M, Herufi Isiyongoja Irabu

Mtoto wa darasa la kwanza akishaimba "ma, me, mi, mo, mu" mara kumi ubaoni, huamini kwamba ameimaliza herufi M. Kila M aliyoonyeshwa ilikuja imeshikana na irabu yake. Halafu siku moja kitabu kinamletea neno la herufi tatu: mtu. Nimewahi kukaa na mpwa wangu akipambana na neno hilo. Kidole kilitua juu ya M, jicho likakimbilia mbele kutafuta a au u, likakuta T. Akanyamaza. Kisha akasema kwa uhakika wote: "Mutu."

"Mjomba, hebu fumba midomo," nikamwambia. "Usiifumbue mpaka ufike kwenye T."

Akafumba, akavuta mmm ndefu, kisha "tu" ikatoka. Akajishika pua, kwa sababu aliihisi inatetemeka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama herufi hii kwa jicho jingine, na kila nikiichimba inatoa kitu.

Je, wajua kwamba M ya "mtu" ni silabi kamili? Haina irabu na haiihitaji. Tena inafanya kubwa zaidi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa kuwa "mtu" lina silabi mbili, m na tu, mkazo unaiangukia M yenyewe. Litamke polepole usikie: kinachopanda ni sauti ya midomo iliyofumbwa. Konsonanti moja inabeba mkazo wa neno zima, na mtoto wa miaka mitatu anayelelewa kwa Kiswahili hulitamka hivyo bila kufundishwa na mtu. N nayo hujitegemea hivyo katika maneno kama nchi na nta, lakini hiyo ni kazi yake ya mara mojamoja. Kwa M ni kazi ya mchana kutwa: mke, mji, mto, mkono, mkate, mpishi, mlango.

Na mpwa wangu hakuwa amekosea kama nilivyodhani. Nenda Bukavu au Lubumbashi usikilize Kiswahili cha Kongo: mutu, mutoto, muti. Waganda husema omuntu. Wanyarwanda, Warundi na Wazulu husema umuntu. Wasukuma na Washona husema munhu. Irabu aliyoitafuta mtoto ilikuwepo kweli hapo zamani, ikamomonyoka katika vinywa vya watu wa pwani, M ikabaki peke yake na kurithi nafasi nzima. Masalio yake bado yanaonekana. Panapofuata u nyingine tunaandika muuguzi na muuzaji. Panapofuata a, e au i, ile u imejigeuza w: mwalimu, mwembe, mwizi. Mtoto anayesoma "mutu" anasoma, bila kujua, neno kama lilivyotamkwa na mababu wa mababu.

Hapa panakuja jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Je, wajua kwamba "mbuni" ni maneno matatu yenye maandishi mamoja, na kwamba M ndiyo inayoyatenganisha? Yupo mbuni ndege, yule mkubwa wa mbugani asiyeruka. Upo mbuni mti wa kahawa, ambao wingi wake ni mibuni. Yupo mbuni mtu anayebuni, na wingi wake ni wabuni. Kwenye karatasi hayana tofauti hata ya nukta. Mdomoni yana tofauti kubwa. Ndege hutamkwa kwa silabi mbili, mbu-ni, M ikiwa imezama ndani ya B. Mti na mtu hutamkwa kwa silabi tatu, m-bu-ni, M ikiwa imesimama upande wake. Chanzo ni asili ya kila M. Ile ya ndege ni sehemu ya sauti mb, kama katika mbuzi na mbuga. Ile ya mti na ya mtu ni ile mu- ya kale, iliyopoteza irabu lakini haikukubali kupoteza nafasi yake. Kwa wafanyabiashara wa kahawa nchini Kenya kuna mbuni wa nne: kahawa iliyokaushwa na ganda lake bila kupita kwenye mashine ya kumenyea, ambayo huuzwa kwa jina hilohilo.

Washairi wanalijua hili kwa vidole vyao. Shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, haliwezi kusimama kama mtunzi hajui M ipi ni mizani na ipi si mizani. Chukua "nyumba mbaya" na "mtu mbaya". La kwanza lina herufi kumi na moja, la pili nane. Ukihesabu kwa jicho utasema la kwanza ni refu. Hesabu kwa sikio: nyu-mba-mba-ya, mizani nne, m-tu-m-ba-ya, mizani tano. Neno lile lile "mbaya" lina mizani mbili likikaa na nyumba, na tatu likikaa na mtu, kwa sababu M ya nyumba ilikuwa N iliyogeuka, na M ya mtu ni mu- ile ile. Nimeona vijana wenye vipaji wakirudishiwa mashairi yao na wahariri kwa kuambiwa tu kwamba "mizani imepwaya", pasipo mtu wa kuwaonyesha kwamba kilichopwaya ni M moja.

Nimesema N iliyogeuka, na hapo inabidi tuingie madrasani kidogo. Mtoto anayejifunza tajwidi hufundishwa hukumu iitwayo iklabu: nuni yenye sukuni, au tanwini, ikikutana na herufi ba, hugeuka kuwa mimu. Katika misahafu mingi utaona mimu ndogo imeandikwa juu ya nuni hiyo kumkumbusha msomaji. Sasa tazama Kiswahili. Ubao, wingi wake mbao. Nyumba nzuri, nyumba ndefu, lakini nyumba mbaya, kamwe si "nbaya". Hata "mbili" la nyumba mbili ni n- iliyokutana na -wili. Ni sheria moja. B hutamkwa kwa midomo, na N kwa ncha ya ulimi. Mdomo ukijua kwamba B inakuja, hujifumba mapema, na N iliyofumbiwa midomo ni M. Kiarabu na Kiswahili si ndugu wa damu, ila midomo ya binadamu ni ile ile.

Mimu ina kazi nyingine msahafuni. Ikiandikwa ndogo mwishoni mwa maneno fulani, humwamuru msomaji asimame, kwa kuwa akiunganisha anaweza kuharibu maana. Huitwa wakfu lazima. Na ni mimu hiyo inayokaa miongoni mwa herufi zinazosomwa kwa majina yake mwanzoni mwa sura: Alif Lam Mim hufungua sura sita, Ha Mim hufungua sura saba mfululizo, kuanzia ya 40 hadi ya 46. Waandishi wa zamani wa pwani walioandika tenzi zetu kwa hati ya Kiarabu walikutana na mtihani wake pia. Kiarabu hakianzi neno kwa herufi yenye sukuni. Kiswahili kinaanza nayo kila siku, kwa mtu, mti na mji. Hati ya kuazima ilibidi ivishwe lugha isiyolingana nayo kipimo.

Turudi nyuma zaidi. Je, wajua kwamba M ni picha ya maji? Mwaka 1905, mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alikuta Serabit el-Khadim, kwenye machimbo ya kale ya feruzi katika rasi ya Sinai, maandishi yaliyofanana na ya Kimisri lakini hayakusomeka kwa Kimisri. Mwaka 1916 Alan Gardiner alifumbua kilichofanyika. Watu waliosema lugha ya Kisemiti walizitazama picha za Wamisri, wakachukua picha wasijali Wamisri waliitamkaje. Walichofuata ni jina la kitu katika lugha yao, kisha wakatumia sauti ya kwanza ya jina hilo. Wamisri walichora mawimbi ya maji wakasoma N. Sauti ya M wao waliiandika kwa picha ya bundi. Wale wa Sinai waliona mawimbi, wakaita maji kwa jina lao lililoanza kwa M, na mawimbi yakawa M. Wafoinike wakaichukua wakaiita mem, Wagiriki wakaiita mu, ikafika kwa Warumi, ikafika kwetu. Ukiandika M kwa kalamu leo, ule mkono unaopanda na kushuka mara mbili ndiyo mawimbi yenyewe, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500.

Kiswahili hakikushiriki katika hadithi hiyo, na neno letu "maji" ni la Kibantu lisilohusiana na la Kisemiti. Lakini angalia vitu vyetu vya majimaji: maji, maziwa, mafuta, mate, machozi. Vyote vinaanza kwa ma-. Ni sadfa tupu, na mimi kila nikiiona nafurahi.

Katika safari hiyo yote kuna kitu hakikusogea. Mtoto wa leo anayesoma alfabeti husema K, L, M, N. Wazee wanaojua hesabu ya abjadi husema abjad, hawaz, huti, kalaman, na hilo "kalaman" ni kafu, lamu, mimu, nuni: K, L, M, N zile zile, kwa mpangilio ule ule uliotoka kwa Wafoinike. Katika hesabu hiyo kila herufi ni tarakimu pia. Makumi huanzia kwenye ya, ambayo ni 10. Kafu ni 20, lamu ni 30, mimu ni 40. Kwa Waebrania mem ni 40, na kwa Wagiriki wa kale mu ni 40. Watu wa falaki wa pwani yetu waliitumia hesabu hii kukokotoa majina ya watu, na jina lenye mimu mbili lilikuwa limeshajipatia themanini kabla ya herufi nyingine kuhesabiwa.

Warumi walikwenda njia nyingine. Kwao M ilikuja kuwa 1,000, ingawa hapo mwanzo elfu waliiandika kwa alama nyingine iliyofanana na duara lililopasuliwa na mstari. M iliipokonya nafasi kwa sababu elfu kwa Kilatini ni mille. Neno hilo tumelibeba wenyewe bila kulitambua. Askari wa Kirumi walipima safari kwa hatua elfu za miguu miwili, mille passus, Waingereza wakaifanya mile, sisi tukaifanya maili. Anayeshuka kwenye basi Kibaha, pale Maili Moja, ameshuka kwenye elfu ya Warumi. Milioni nayo ni "elfu kubwa" ya Waitaliano, na milimita ni sehemu moja katika elfu ya mita. Mita peke yake haimo katika ukoo huu. Hiyo imetoka kwenye neno la Kigiriki la kipimo.

Kutokana na hapo kumezuka mkanganyiko ambao ni vizuri kuujua. Ukisoma taarifa za gesi asilia, kama ile ya Songo Songo iliyoanza kutumika mwaka 2004, utakuta kiasi cha gesi kinaandikwa kwa MM. Katika biashara hiyo M moja ni elfu kwa desturi ya Kirumi, na MM ni elfu mara elfu, yaani milioni. Kwenye jiwe la msingi la jengo, MM ni mwaka 2000. Kwenye rula ya fundi seremala, mm ni milimita. Na kwenye ujumbe wa simu wa kijana yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa, mm ni "mimi" na ww ni "wewe". Herufi mbili, na usipojua zimetoka mkono wa nani huwezi kuzisoma.

Ukubwa wa herufi nao si pambo. Katika vipimo vya kimataifa M kubwa ni mega, milioni. M ndogo mbele ya kipimo ni mili, sehemu moja katika elfu. Kati yao kuna tofauti ya mara bilioni moja. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja MW 235, jumla MW 2,115. Mwandishi wa habari akiandika mW 2,115, ameandika wati mbili na kitu kidogo, na chaja ndogo tu ya simu hutoa wati tano. Bwawa lote limekwisha, na kosa ni la kitufe kimoja. Hospitalini kosa la namna hii si la kuchekea. Maikrogramu huandikwa kwa mu ya Kigiriki yenye mkia, na mkono wa haraka huufanya mkia huo upotee. Mu ikisomwa kama m, mgonjwa ameandikiwa dawa mara elfu ya anayostahili. Ndiyo maana wauguzi na wafamasia wengi hufundishwa kuandika mcg, ili M isibaki peke yake pale ambapo kujitegemea kwake kunaweza kuua.

Hata bando za intaneti zina mtego wake. MB yenye B kubwa ni megabaiti. Mb yenye b ndogo ni megabiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi huuzwa kwa MB, kasi hutangazwa kwa Mb kwa sekunde. Anayeahidiwa kasi ya 20 kisha akaona faili inashuka kwa mbili na nusu anadhani ameibiwa. Agawanye kwa nane kwanza. Na Mb hiyo hiyo, ukiikuta kwenye mabano mbele ya jina la mheshimiwa katika nyaraka za serikali ya Tanzania, ni Mbunge. Mt. nayo ni Mtakatifu kwenye kibao cha parokia, lakini ramani zilizochapwa kwa Kiingereza zikiandika Mt. Meru zinamaanisha mlima, na nimewahi kusikia muumini mzee akiuliza kwa unyenyekevu mtakatifu Meru sikukuu yake ni lini. Swali lake lilikuwa na mantiki kamili.

Nitapita haraka kwenye saizi M ya nguo, ambayo wauza mitumba huita ya kati, na kwenye M-Pesa, ambayo M yake ni ya mobile, neno la Kiingereza la kitu kinachohamishika. Ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Tanzania 2008, kisha wadogo zake kama M-Shwari ya 2012 wakavaa kofia hiyo hiyo. Kinachonivutia ni jinsi M hiyo ya kigeni ilivyoingia Kiswahili bila kugonga mlango. Wengine huitamka "empesa", wengine "mpesa" kama mpera au mpapai, na hakuna aliyeshangaa neno kuanza hivyo, maana nyumba ilikuwa imejaa M tayari.

Kwa nini imejaa? Kwa sababu M inafanya kazi tano ambazo lugha nyingine zingetafutia maneno matano. Ipo M ya watu: mpishi, mkulima, Mkenya. Ipo M ya miti: toa chungwa upate mchungwa, toa nazi upate mnazi, toa embe upate mwembe, ingawa mgomba umekataa kufanana na ndizi yake. Ipo M ya ninyi: mnakuja, mmekula. Ipo M ya yeye: nampenda, umemwona. Na ipo M ya ndani: humu, mumo, chumbani mwangu. Fikiria jioni ya ugeni, birika limezunguka, na mama wa nyumba anawauliza binti zake kama mgeni amepata chai. "Mmemmiminia?" Neno moja, herufi kumi na moja, tano kati yake ni M. Ya kwanza ni ninyi. Ya pili imo katika -me- ya jambo lililokwisha. Ya tatu ni yeye, mgeni. Ya nne na ya tano ni za kumimina. Binti hujibu "tumemmiminia, mama" hali akipita na sinia, na wala hajui kwamba ametoka kusikia swali ambalo mgeni wa lugha angelihitaji dakika nzima na kalamu.

M ya ninyi na M ya ndani zimefanana kiasi cha kuchanganyika. "Mna nini?" akiuliza askari wa kizuizi cha barabarani huku ameshika gunia, je, anauliza ninyi mna nini, au ndani ya gunia mna nini? Kiswahili kinaziacha zote mbili wazi, na abiria hujibu kwa kufungua gunia.

Kuna kundi moja dogo ambalo limenikalia akilini kwa miaka. Wanaobeba M ya watu huchukua wa- katika wingi: mtu watu, mke wake, mgeni wageni. Lakini mtume ni mitume, mzimu ni mizimu, na Mungu, anapotajwa katika wingi wa wale wanaoabudiwa, ni miungu. Wingi wao ni wa mti na mto. Upatanisho wa sentensi unabaki wa watu, "mitume walikuja", lakini umbo linasema jambo jingine. Wasomi wa lugha za Kibantu wana maelezo kuhusu ngeli ya M na mi- kubeba vitu vyenye nguvu na vinavyoenea, kama moto, moshi, mwezi na mizizi. Mimi hunipendeza kwamba wazee walipofika kwa walio kati ya watu na mbingu hawakuwaweka moja kwa moja katika fungu letu.

Si kila mdomo duniani unaikaribisha M. Wamohawk wa Amerika ya Kaskazini hawana M, B wala P katika lugha yao ya asili. Wanaongea midomo yao haikutani. Na wanaoizungumza M kutwa si wote wanaoiweza popote. Tazama mechi ya Ufaransa, usikilize watangazaji wa Ulaya wakilitamka jina la Kylian Mbappé, ambaye baba yake ni Mkameruni. Wengi hutanguliza irabu, "Em-bappé", kwa sababu lugha zao hazianzi neno kwa mb. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kwa mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya. Bibi wa Lamu au wa Kigoma aliyezoea mbuzi, mbegu na mboga angelitamka jina hilo sawasawa mara ya kwanza.

Na "mama"? Mwanaisimu Roman Jakobson aliandika kwamba neno hili linafanana katika lugha nyingi kwa sababu mtoto anaponyonya, mdomo umeziba, sauti pekee anayoweza kutoa ni ya puani, mmm; baadaye huitoa akimtaka anayemlisha. Wajojia wa milima ya Kaukazi ndio wamelipindua: kwao neno "mama" maana yake ni baba, na mama huitwa "deda". Sisi tumeihifadhi ile mmm hata tukiwa watu wazima. "Mh!" ya mshangao, "mmh" ya kukubali, "mm-mm" ya kukataa, na ile ndefu inayoshuka, ambayo mama mkwe huitoa akionja mchuzi, na jiko zima hunyamaza kusubiri itaishia wapi.

Angani nako iko. Charles Messier, Mfaransa wa karne ya 18, alikuwa akiwinda nyota zenye mkia, na mara kwa mara alidanganywa na mawingu na vishada vya nyota vilivyokaa palepale bila kusogea. Akaviorodhesha ili visimpotezee tena muda, kila kimoja kikapata namba. Orodha yake ya kwanza, iliyochapwa mwaka 1774, ilikuwa na vitu 45. Hazina aliyoitafuta karibu imesahauliwa na wengi. Orodha ya vikwazo ndiyo inayotumika hadi leo ulimwenguni kote, kila namba ikitanguliwa na M ya jina lake. M31 ni galaksi jirani ya Andromeda. Na ya mwisho katika orodha ile ya kwanza, M45, ni kishada ambacho watu wa pwani walikuwa wamekipa jina muda mrefu kabla ya Messier, jina lililotokana na kulima: Kilimia. Wakulima na mabaharia walikitazama kinapozama magharibi jioni za Aprili, kikapotea majuma kadhaa, kisha kikarudi mashariki alfajiri mwezi wa Juni, wakaangalia kimezama katika mvua au katika jua.

Novemba iliyopita nilimwonyesha mpwa wangu, tumekaa kwenye mkeka nje, umeme umekatika mtaa mzima. Akahesabu nyota sita. Nikamwambia jina lake la nyumbani, kisha lile la kwenye ramani za wanaastronomia, M45.

"M ya nini, mjomba?"

"Ya Messier."

Akalitamka polepole, midomo ikafumbwa na kufumbuka. "Hiyo," akasema, "ina irabu yake."